Absalom Wamukoya, Aliyerusha kwa Jina Lake Mwenyewe

Basi la Jeddah lilikuwa limeshaanza kutembea na wewe bado hujaketi, Absalom. Ulikuwa umesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika chuma na mwingine umekumbatia mfuko wa glavu, dereva anakufokea "Yalla, yalla" afunge mlango, na wewe unanipigia kelele mimi niliyebaki kituoni Riyadh: "Huko nitaandikwa! Mzee, umesikia? Huko nitaandikwa!"

Leo mwaka mzima umetimia tangu tulipokufukia, na kila nikikukumbuka picha inayokuja kwanza ni hiyo ya basi, si ile ya wodi. Kwa hivyo nimewaambia hapa nyumbani kwamba nitaanzia hapo. Wamenipa kalamu mimi kaka yako, Hezekiah, kwa sababu ndimi niliyekuwa nawe kule. Shule yangu unaijua, ilikuwa ya kuokota, darasa moja Mumias, lingine Kitale, lingine sikumbuki. Penye makosa utanisamehe.

Wasiokujua watauliza ulitaka uandikwe wapi. Wacha wasikie.

Besiboli ulifundishwa na mwalimu wa hesabu, Mjapani wa kujitolea, aliyefika shuleni kwenu na begi la glavu kuukuu. Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza. Mmoja anarusha mpira, mwingine amesimama na gongo anajaribu kuupiga, na kila timu ina zamu tisa. Anayerusha ndiye mwenye mchezo. Akiwa mbaya hata malaika hawawezi kumsaidia. Wewe ulikuwa mzuri tangu kidato cha pili. Mama alikuuliza, "Na hiyo kazi ya kurusha inaleta nini?" Ukamjibu, "Inaleta mkono, mama." Akakuambia basi huo mkono uende ukachote maji.

Ulifika Riyadh mwaka 2011, na mimi nilikuwa huko miaka minne nikiendesha gari la familia moja. Kafili wako, yule mwajiri anayekushikia karatasi zako, alikuweka haris, mlinzi wa geti, kwenye yadi ya mbao na nondo. Nyuma ya yadi kulikuwa na kiwanja kitupu, na kila Ijumaa Wafilipino wa makampuni walikuja kucheza hapo. Ulivumilia Ijumaa tatu. Ya nne ukapanda juu ya mbao.

"Wewe mwenye kofia nyekundu! Ukitaka kurusha mpira wa kupinda unatoa ulimi!"

Uwanja wote ukacheka. Nahodha wao, Rodel, fundi wa viyoyozi, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, akaja hadi ukutani. "Haris, wewe unajua nini?"

"Najua ulimi."

"Shuka basi, tuone wako."

Ulishuka na ndara miguuni. Ulirusha mipira mitatu, na baada ya wa tatu mdakaji akavua glavu akapuliza kiganja. Rodel alikuuliza tu Ijumaa ijayo unatoka kazini saa ngapi.

Hapo ndipo ulipoanza kuwa mtu wa kuazimwa. Yale yalikuwa mashindano ya makampuni, na kanuni ilisema kila timu icheze na wafanyakazi wake wenyewe. Wewe hukuwa wa kampuni yoyote. Kwa hivyo walikuandika kwa jina la mfanyakazi aliye likizo. Jina la kwanza walilokupa lilikuwa la Dindo, kijana wa stoo aliyekuwa amekwenda kwao Iloilo kuoa. Siku ya kwanza karani wa daftari la mechi aliangalia jina, akaangalia uso wako, akaangalia jina tena. Kisha akasema, "Yalla, Dindo, simama pale." Timu ya pili nayo ilikuwa na Msudani anayeitwa Reynaldo, kwa hivyo hakuna aliyetaka kuuliza.

Ulirusha kwa timu saba katika miaka miwili na nusu. Wa viyoyozi, wa hospitali, wa mabomba, Wakorea wa daraja, na wengine. Walikulipa, ndiyo, ilikuwa kazi. Timu ikizidiwa ulipigiwa simu Alhamisi na Ijumaa uko uwanjani, umevaa shati la mtu. Ukimaliza ulilifua mwenyewe, ukalinyoosha, ukalikunja jina likitazama juu, ukalirudisha. Nilikuambia hawa watu hawahitaji hayo yote. Ukasema, "Ni jina la mtu, mzee. Silirudishi chafu."

Mambo yako mengine ninayoyakumbuka ni madogo. Hukula kabla ya kurusha. Ulijaza chupa maji ya bomba, ambayo Riyadh hutoka moto bila jiko, ukaiweka begani ukiwa umelala sakafuni pale chumbani kwetu Manfuha, unaimba nyimbo za kanisani kwa pua. Yule Mganda wa chumba cha pili alipovunjika mguu, na hakuwa na karatasi za kumwezesha kwenda hospitali, ulimfunga mbao mbili za yadi na kitambaa cha glavu, na ukampikia wiki sita. Alikuwa akikuita Dindo, maskini, akidhani ndilo jina lako.

Mimi nilikugombeza. Nilikuambia, "Siku moja polisi watakushika, wakikuuliza jina utasema lipi?" Ulicheka. Lakini si mimi niliyekuchoma. Ni Maryann, binti yako. Ulimtumia picha, umevaa shati na glavu, na Jumamosi ulipopiga simu nyumbani mkeo Peris akampa mtoto aongee. Alikuwa na miaka mitano. Akakuuliza, "Baba, Dindo ni nani? Mbona unavaa nguo yake?"

Ulikaa na ile simu mkononi baada ya kukata. Kisha ukaniambia, "Nimeshinda mechi arobaini na moja, na kwenye daftari sina hata moja. Nikirudi nyumbani nikisema nilikuwa mrushaji, nitaonyesha nini? Mkono?"

Basi ukaanza. Mwaka 2013 serikali ya kule ilipotoa muda wa watu kurekebisha karatasi na kuhama kafili, mamia kwa mamia walipanga foleni, na wewe ulikuwa kwenye foleni kabla ya alfajiri, siku kumi na moja. Rodel alikuwa amehamishiwa tawi la Jeddah, akamsemesha bosi wake akuchukue kwa kazi ya stoo. Kafili wako wa yadi alikataa mara mbili. Mara ya tatu ulikwenda na kahawa na mzee wa msikiti wa jirani, Mungu ambariki, na akatia sahihi. Ndipo ukapanda lile basi.

Lakini ikama mpya, kile kitambulisho cha ukaazi ambacho bila hicho wewe si mtu, haikutoka. Msimu wa Jeddah ukaanza, na timu ya viyoyozi ikaanza kupigwa. Rodel akakujia na shati. Mlikuwa mmesimama stoo kati ya mafeni, uliniambia hivyo kwa simu.

"Dindo yuko likizo tena," akasema. "Vaa."

"Sitaki."

"Hii ni mara moja tu."

"Rodel, umesema mara moja tu tangu nikiwa haris. Mimi sasa ni mfanyakazi wa kampuni. Ikama ikija utaniandika mimi. Isipokuja, sirushi."

"Na tukimaliza wa mwisho?"

"Basi tutamaliza wa mwisho."

Walikununia, na walikuwa na haki. Ijumaa tisa ulibeba maji. Ulibeba magongo, ulifagia mchanga kwenye besi, vile vituo vya wakimbiaji, na uliwaona wakipigwa bila kufungua mdomo. Kisha habari ikaja kwamba kampuni inapunguza watu na timu inavunjwa mwisho wa msimu. Ilikuwa imebaki mechi moja. Nilikupigia nikakuambia, mdogo wangu, meza kiburi, rusha kwa jina lolote, si ni mkono ule ule? Ukanijibu polepole kama mtu anayefundisha mtoto: "Mzee, mkono wanaujua. Ni mimi wasionijua."

Ikama ilitoka siku ya Jumatano. Mechi ilikuwa Ijumaa.

Mimi nilikuwa Jeddah wiki ile, nimewaleta bosi na familia yake kutembelea jamaa. Siku hiyo nilipewa ruhusa hadi alasiri, na gari. Nikakuchukua, tukapitia Aziziya, kwenye nyumba aliyokuwa akifanya kazi dada yetu Selipher. Yeye hakuwa na siku ya kutoka. Njia yake ya kuonana na watu ilikuwa ni taka: alitoka na mfuko hadi kwenye pipa la kona, dakika tatu, akarudi. Ulikuwa umempelekea shati kwa njia hiyo hiyo. Alikuja na mifuko miwili. Mmoja aliutupa, mwingine akautia dirishani.

"Madam aliniona nikishona," akasema. "Nikadhani nimekwisha. Akaniuliza nguo ni ya nani, nikamwambia ni ya ndugu yangu, anacheza mpira. Akaniletea uzi wake wa buluu, ati wangu ni mbaya."

Alikuwa amefumua herufi za DINDO moja moja na kushona jina lako. Matundu ya zamani yalionekana kidogo ukiangalia sana. Ulilivaa pale pale kwenye kiti cha mbele. Selipher akakupiga kofi la bega. "Si huo mkono, wee!" ukamfokea. Akacheka, akarudi ndani mbio, na dakika zake tatu zilikuwa zimepita.

Uwanja ulikuwa ndani ya kampaundi ya mafundi wa kigeni. Wenzako waliingia na basi la timu na orodha yao. Wewe ulishukia getini. Na hapa ndipo penye kosa ambalo watu wa huku wakisikia wanacheka, lakini sisi tuliolifanya hatucheki sana. Kanuni ya makampaundi ni kwamba mgeni anaacha ikama getini anapewa kadi ya plastiki. Ulikuwa umeishi getini miaka miwili na nusu. Umechukua ikama za watu maelfu, na yako umeitoa kila geti uliloingia. Mkono ukatoka wenyewe. Ukampa mlinzi ikama yako ya siku mbili, ukachukua kadi namba kumi na nne, ukaenda zako ukipiga mluzi.

Mimi nilikuwa naegesha gari nje. Sijazima injini nikakuona unarudi mbio, shati la buluu, na macho yametoka.

Karani wa daftari wa Jeddah, mzee wa Kifilipino mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, alikuwa amefungua ukurasa. Msimu ule kulikuwa kumetokea malalamiko ya wachezaji wa kuazimwa, ikatolewa amri kila mchezaji aonyeshe ikama mezani. Alikuwa amekuambia maneno manne tu: "Mafi ikama, mafi jina," yaani hakuna ikama, hakuna jina. Na mechi ilikuwa ianze baada ya dakika kumi na tano.

Mlinzi wa geti alikuwa Mkenya, Japheth, wa kutoka Taveta. Mtu mpole, lakini geti ni geti.

"Ikama ikitoka, mtu ametoka," akasema. "Nikikupa hii, nachukua kadi, na ukitaka kurudi ndani mwenyeji wako aje atie sahihi upya. Na mwenyeji wako ni nani?"

Ulimtaja mhandisi aliyesimamia mashindano.

"Amekwenda uwanja wa ndege kumpokea mkewe. Ndugu, wewe ulikuwa haris, si unajua? Nikikosea nafukuzwa mimi."

Ulijua. Ndiyo maana hukubishana naye hata neno moja. Ulikaa chini kwenye ukingo wa barabara, ukaweka glavu magotini. Sijawahi kukuona umechoka namna ile, hata wodini.

Nikatoa ikama yangu mfukoni.

"Japheth, kitabuni kadi namba kumi na nne bado iko ndani, si ndiyo? Weka hii. Andika aliyeingia ni mimi."

"Lakini wewe uko hapa nje, mzee wangu."

"Kitabu chako kina macho?"

Akanitazama, akakutazama. Wewe ukasimama. "Hapana. Hapana, Heze. Nimekataa majina ya watu miezi hii yote. Siwezi kuingia kwa lako."

"Hilo si la watu," nikakuambia. "Ni langu, na mimi nakupa. Huku getini uwe mimi, kule uwe wewe. Kimbia."

Japheth akakata jina lako kwa rula, akaandika langu juu yake, Hezekiah Wamukoya, saa nane kasoro dakika tano. Akakupa ikama yako. Ulikimbia, nayo umeishika juu kama mtu anayevuka mto na nguo zake.

Mimi sikuona mechi. Mimi ambaye sikuzoea kutulia mahali pamoja, nilikaa kwenye kiti cha plastiki cha Japheth saa tatu na zaidi, bila ikama, siwezi hata kuvuka barabara kununua soda. Nilisikiliza. Japheth alinifundisha: kelele fupi ni mpira umepigwa, kimya ni mtu amekosa mara tatu. Tulihesabu vimya. Zamu ya kwanza vitatu. Ya pili viwili. Alasiri ikaingia, bosi akapiga simu. Sikushika. Akapiga tena. Zamu ya tano kimya kilikuwa kirefu mno hadi Japheth akatoka kibandani. Bosi akapiga mara ya tatu. Zamu ya nane kukawa na kelele ndefu, ile mbaya. Kisha ya tisa, kimya, kimya, kimya.

Ulikuja getini unatembea, mkono wa kulia umeufunga barafu kwa soksi. Zamu zote tisa, bila kutolewa. Ulikuwa unacheka hadi ufizi.

"Mmeshinda," nikasema.

"Tumeshindwa. Tatu kwa mbili."

"Sasa unacheka nini?"

Ukanionyesha. Karani alikuwa amekutolea nakala ya ukurasa kwa mashine ya ofisi ya pale ndani, na chini kabisa, mahali wanapoandika mrushaji aliyeshindwa, alikuwa ameandika kwa herufi nzuri za karani: A. Wamukoya.

"Ni mimi niliyeshindwa," ukasema. "Si Dindo. Dindo hajashindwa hata siku moja, huyo. Mimi nimeshindwa moja."

Na Japheth akacheka, na mimi nikacheka, kisha nikashika simu ya bosi.

Ulirudi nyumbani mwaka 2016, bega limekwisha, ukafanya kazi duka la vifaa vya ujenzi, na Jumamosi ulifundisha wasichana wa shule ya upili kurusha. Kila mmoja ulimfanya aandike jina lake kwenye daftari kwa mkono wake kabla ya kushika mpira. Walidhani ni ukali. Ini lilianza kukusumbua Desemba 2017. Wodini muuguzi alikosea akakuita kwa jina la mgonjwa wa kitanda cha jirani. Ulikuwa huna nguvu hata ya kunywa uji, lakini ukafungua macho ukamrekebisha. Uliaga dunia Machi 2018, ukiwa na miaka thelathini na mbili.

Sasa nikuambie habari za wengine, kwa sababu ungeuliza.

Timu ya viyoyozi ilivunjwa wiki ile ile. Rodel alirudi kwao mwaka 2015 na anafuga kuku. Alitupigia siku ya matanga, akalia, kisha akauliza kama ule ukurasa bado upo. Dindo mwenyewe alirudi kazini akiwa na mke, na kila timu ya Riyadh ikamtaka arushe. Alirusha mara moja. Siku hizi anauza simu. Japheth alikwenda Qatar na hatujui zaidi. Karani aliyekuandika alifariki. Bosi alinitoa kwenye gari la familia akaniweka kwenye lori la maji, na nikaliendesha hadi 2017. Selipher alimaliza mkataba akarudi salama na ule uzi wa buluu uliobaki. Anashona sare za shule hapa sokoni. Mama yuko, magoti yanamsumbua. Peris anafundisha chekechea na hajaolewa. Maryann ana miaka kumi na moja na analala na lile shati. Ukurasa uko ukutani kwenye fremu, mvua ya Mei iliingia ikafuta kona moja, lakini si kona ya jina. Jina lako kwenye msalaba nilimsimamia fundi mwenyewe, herufi moja moja. Mimi naondoka tena mwezi ujao, Juba, nikijaliwa.

Hatuna siku tutakayokusahau, Absalom. Tunasema hivyo hapa chini, kila mmoja kwa jina lake na kwa mkono wake:

Mama yako, Mourine Wamukoya.
Mkeo, Peris.
Binti yako, Maryann Absalom Wamukoya.
Dada yako, Selipher.
Kaka yako, Hezekiah, aliyekuwa getini.